Difu ya Kwenda Ukweni

Mjomba wangu Kombo alikuwa na wake wawili, mmoja wa ndoa na mmoja wa petroli. Wa ndoa ni Bi Mwatumu, mtoto wa Mzee Sadalla wa Maramba. Wa petroli ni kigari cha Kiingereza cha milango miwili, chekundu, kilicholala chini kiasi kwamba ukiingia unakaa kwanza, halafu ndiyo unatafuta umekalia nini. Paa lake turubai. Viti viwili tu, na nyuma ya viti nafasi ya kuku mmoja, naye awe mpole. Alikinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao baada ya mkonge kuanguka bei.

Mjomba alikuwa karani bandarini, na karani wa bandarini si mtu wa kuitwa Risasi. Lakini Raskazone yote, hapo Tanga mjini, ilimwita Kombo Risasi. Jioni alipita barabara ya kando ya bahari, turubai limekunjwa, kofia ameikalia isipeperuke, na wazee waliokaa barazani wakimwitikia salamu walikuwa wanaliitikia vumbi.

Ugomvi wake na Bi Mwatumu ulianzia kwenye sabuni. Ilikuwa katika ile miaka ambayo duka la ushirika likipata sabuni habari zinafika Mabawa kabla lori halijazima injini. Bi Mwatumu alipanga foleni tangu alfajiri akarudi na mche mmoja. Mche ule ulikuwa wa kufulia, wa kuogea, wa kuoshea vyombo, na kipande cha kuwaringia majirani. Kesho yake ilikuwa Idi. Mjomba akaona haifai Idi imkute mke wa petroli ana vumbi. Bi Mwatumu alipotoka uani alikuta gari linang'aa kama jino la dhahabu, na mche umebaki kipande cha kupotelea kiganjani.

Hakupiga kelele. Alifunga furushi, akajitanda buibui lake, akapanda lori la machungwa lililokuwa linarudi tupu, akaenda kwao. Akasusa.

Kwetu mwanamke akisusa ana haki ya kufuatwa. Mjomba alituma watu wazima kwenda kumwombea. Wakaenda, wakala, wakanywa chai, wakarudi na jibu la Mzee Sadalla: mwenye mke aje mwenyewe. Tena machungwa yakiisha mitini kabla hajaonekana, mzee ataomba talaka ya mwanawe. Hakulisema kwa ukali. Mzee Sadalla hasemi jambo kwa ukali, ndiyo maana akilisema linakuwa.

Bi Mwatumu naye aliongeza lake. "Aje na mke mwenzangu," alisema. "Nataka kumwona kama anapanda kilima cha kwetu, au anajua kukimbia tambarare tu."

Hapo ndipo shida ilipokuwa, maana mke mwenza alikuwa amelala kwenye matofali hana difu.

Difu, kwa asiyelala na magari, ni lile boga la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Nguvu ya injini inakuja kwa propela, ule mtaimbo mrefu unaozunguka chini ya gari, inaingia humo, inakuta meno, na meno ndiyo yanayozungusha magurudumu. Ya mjomba ilianza kulia siku nyingi, na mafuta yake yalikuwa hayapatikani. Mtu mmoja barazani akamshauri asage ndizi mbivu achanganye na grisi, ashindilie humo, itanyamaza. Mjomba akasaga ndizi. Mimi ndiye niliyemenya, kwa hiyo hazikuingia zote. Kweli difu ikanyamaza, kama mtoto aliyepewa pipi, mpaka siku iliyosagika meno mbele ya soko la Ngamiani. Tulisukuma gari hadi nyumbani likinukia kama kaimati.

Basi msimu uleule mambo yakaanza kubadilika kidogo. Biashara ikafunguliwa, mitumba ikarudi kuning'inia Ngamiani, sabuni zikaja mpaka za kunukia, na vipuri vikaanza kupita kutoka Mombasa. Asubuhi moja fundi Miraji wa Mabawa akatuma salamu kwamba amepata difu. Hakupata moja, alipata mbili.

Nilikwenda na mjomba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, mdomo ninao, na mjomba alipenda kufuatana nami ili apate mtu wa kumwambia anyamaze.

Miraji alikuwa amezitandika kwenye gunia kama mtu anayeuza samaki.

"Hii imetoka Mombasa," alisema. "Ya gari la ukoo mmoja na lako. Gurudumu kubwa lina meno thelathini na tisa, dogo lina kumi. Hii nyingine ni ya pikapu ya mikate iliyofia hapa Mabawa. Kubwa lina arobaini na matatu, dogo lina manane. Zote zinaingia. Chagua."

"Tofauti yake?"

Miraji akanitazama mimi. "Msomi, mweleze mjomba wako."

Nikachuchumaa nikagawanya kwenye vumbi kwa kijiti. "Ya Mombasa, propela inazunguka karibu mara nne ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ya mikate, propela inazunguka mara tano na ushei kwa mzunguko uleule mmoja. Kwa hiyo ya Mombasa injini inafanya kazi kidogo, gari linakwenda mbali. Ni ya mbio. Ya mikate injini inapiga mizunguko mingi, gari linasogea kidogo, lakini kila linaposogea lina nguvu. Ni ya kupanda."

"Ndivyo," Miraji akasema. "Kama mtu mwenye miguu mirefu na mtu mwenye miguu mifupi. Mrefu anakuacha tambarare. Mlimani hatua zake zinakuwa kubwa kuliko pumzi yake. Injini yako, Kombo, pumzi haina, pistoni zimelika. Na petroli ya siku hizi nusu yake mafuta ya taa."

Mjomba aliishika ya Mombasa, akaigeuza, akaipangusa kwa kiwiko cha shati jeupe la ofisini. "Hii inakula mafuta kidogo, sivyo?"

"Tambarare, ndiyo."

"Na hailii?"

"Hailii. Ya mikate itapiga kelele. Mwendo wake nao ni wa mikate. Ukilazimisha mbio utaivunja injini."

"Sasa Miraji, mimi nitoke Raskazone nikipitwa na baiskeli?"

"Kwani unakwenda wapi, Kombo?"

"Raskazone."

"Mimi nilidhani unakwenda kwa mkeo."

Mjomba akazidi kuipangusa difu. Mimi nikaona nisaidie. "Mjomba, chukua ya mikate. Ukweni wakikukataa tutauza maandazi."

"Nyamaza, Ame."

"Nimenyamaza."

"Kilima nakijua," mjomba akasema. "Nilikipanda siku ya harusi yangu, na gari hilihili. Weka ya Mombasa."

Miraji hakubishana. Fundi akishaona mteja anakipangusa kitu kwa shati lake mwenyewe, anajua biashara imekwisha. Alisema tu, "Siku ya harusi yako gari lilikuwa bado na pumzi, na wewe ulikuwa peke yako ndani." Kisha akaingia chini ya gari, tukabaki tunaongea na miguu yake.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Zawadi za ukweni zilijaa kote: mchele, sukari, doti za kanga, na katoni ya sabuni za kunukia ambayo mjomba aliiweka mapajani mwangu akaniambia niishike kama mtoto. Ule mche wa Idi haukuwa na uzito kama katoni ile.

Nisiwe mnafiki, tambarare tuliruka. Tukavuka Amboni, tukafika Duga, injini inanong'ona tu, vumbi liko nyuma yetu halitufikii. Mjomba alifungua kifungo cha shingo akaanza kuimba. Alinipiga begani. "Unasikia, Ame? Unasikia kitu?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo difu hiyo."

Barabara ya Maramba ilianza kuinuka polepole, na nyimbo za mjomba zikaanza kupungua beti. Akashuka gia ya tatu, akashuka ya pili. Tulipokata kona ya kuingilia kwa Mzee Sadalla, tukakiona kilima chenyewe, chekundu, kimepasuliwa na maji ya mvua, michungwa huku na huku, na juu kabisa bati la nyumba ya ukweni. Mjomba akaweka namba moja. Gari likapanda hatua chache, likakohoa, likazimika.

Tukajaribu tena. Tukanuka klachi. Nikashuka nisukume, gari likapanda kidogo zaidi, likazimika, likarudi nyuma na mimi nikiwa nyuma yake. Watu waliokuwa wanachuma machungwa wakaacha kuchuma. Walikuwa wamebaki na mistari michache tu ya miti yenye matunda, nikaiona, na mjomba naye nikamwona anaitazama.

"Tubebe zawadi kichwani," nikasema. "Gari tuliache hapa."

"Amesema niende nalo."

"Basi labda lipande kwa rivasi." Nilisema kwa mzaha, naapa. Nilikuwa nimechoka na nimepakaa vumbi hadi kope.

Mjomba akanitazama kama mtu aliyeona sarafu mchangani. Ni kweli bwana. Katika vigari vile rivasi ndiyo gia yenye nguvu kuliko zote, hata namba moja haiifikii. Akashuka hadi chini ya kilima, akageuza gari likaangalia tulikotoka, akatia rivasi, akapindisha shingo nyuma. Na gari likapanda. Lililia kama mbuzi anayevutwa machinjoni, lakini lilipanda, makalio mbele, mimi nakimbia pembeni na katoni ya sabuni kifuani naelekeza, kulia mjomba, kushoto mjomba, shimo mjomba.

Hivyo ndivyo tulivyoingia ukweni.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mkeka umetandikwa, Mzee Sadalla amekaa na ndugu zake, kanzu zimenyooka, wote wamejipanga kumpokea mkwe uso kwa uso. Kwa watu ambao hata ukitoka chumbani kwa mkubwa hugeuki kumpa mgongo, kikatokea kwanza bomba la moshi, kikafuata kibao cha namba, yakafuata makalio mekundu ya gari, na mwisho kabisa kisogo cha mjomba wangu.

Mjomba akazima. Akashuka na shingo imekakamaa upande. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Mzee Sadalla akajibu, taratibu. Akalitazama gari, kisha akamtazama mkwewe. "Kombo, umekuja au unaondoka?"

Hakuna aliyecheka, kwa heshima. Mimi niliinamia katoni.

Ndani dirishani nikaisikia sauti ya Bi Mwatumu. "Mke mwenzangu ameanza kunionyesha mgongo hata hatujaamkiana."

Tulikaribishwa, tukaketi. Bi Mwatumu akatoka na birika na beseni la kunawia, kama anavyopaswa kumfanyia mgeni. Alikuwa amenenepa kidogo, kanga imemkaa, na alipofika kwangu akaninong'oneza, "Hujambo, mume wangu mdogo? Umekonda. Anakulisha petroli?" Huo ni utani wetu, mke wa mjomba ni wa kutaniana naye, nami ningemjibu ila alikwisha nipita.

Mbele ya mjomba aliweka beseni. Juu ya kisahani cha kaure akaweka kipande cha sabuni ya mche, kipya, kimekatwa vizuri kwa uzi, kona zake bado kali. Akamwinulia birika.

Mjomba alikitazama kile kipande. Mikono yake ilikuwa na grisi na vumbi jekundu la kilima. Maji yakamwagika, akanawa kwa maji matupu, akasugua na kusugua, sabuni hakuigusa. Grisi haikutoka. Akaifuta kwenye suruali yake safi, akashukuru.

Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mjomba alikiri kosa mbele ya wazee, na alikiri vizuri, bila kutaja foleni wala Idi. Mzee Sadalla akamgeukia mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Sina kinyongo."

"Basi utarudi naye?"

"Nitarudi naye. Lakini si leo." Akaliashiria gari kwa kidevu. "Kile kimeingia kwetu kinyumenyume. Mimi siwezi kutoka kwa baba yangu ndani ya kitu kilichoingia hivyo, watu wataniuliza nilitolewa au nilirudishwa. Akakirekebishe, aje na uso wake."

Wazee wakaafikiana kwamba hilo ni neno la haki. Zawadi nazo zikarudishwa garini mpaka jambo limalizike, isipokuwa sukari, ambayo ilikuwa imekwisha ingia kwenye chai.

Kushuka hatukuwa na taabu. Gari lilikuwa tayari limeangalia nyumbani.

Hadi Duga mjomba hakuimba. Barabara ilipolala sawa, gari likaanza kunong'ona tena, tamu, na yeye akalipunguza mwendo mwenyewe. "Ile sabuni," akasema.

"Niliiona."

"Hakunisema."

"Hakukusema."

"Angenisema ingekuwa afadhali." Akaendesha kidogo. "Unajua, siku ile nilipopanda nalo kwenda kuoa, sikukimbia. Nilikwenda polepole kanzu isichafuke. Nilikuwa nimesahau."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Nikaumeza, na siku zile haukuwa mlo wangu wa kawaida.

Miraji alipotuona tunaingia hakutuuliza habari za ukweni. Alitazama shingo ya mjomba iliyopinda. "Ulipanda kwa rivasi?"

"Toa hii," mjomba akasema. "Weka ya mikate."

"Na jina lako la Risasi je?"

"Weka, Miraji."

Miguu ya Miraji ikatokeza tena chini ya gari. Kutoka huko chini akasema, "Ya Mombasa nitakuwekea. Nitaifunga kwa tambara la mafuta. Mtu hubadili nia."

Safari ya pili tulianza mapema, na tulihitaji. Gari lilikuwa linaunguruma kama mashine ya kusaga nafaka, na lilikuwa linakwenda, tuseme, linakwenda. Pale Amboni kijana mmoja wa baiskeli, amepakia mkaa, alitufikia akaenda sambamba nasi kwa muda, akaniomba kiberiti, akawasha sigara, akakirudisha, akatangulia. Nikamtazama mjomba. Uso wake ulikuwa umetulia. "Vijana wana haraka," akasema.

Kilimani aliweka namba moja. Machungwa yalibaki kwenye miti michache karibu na nyumba, na wachumaji walewale walikwisha acha kuchuma kabla hatujafika, wamekaa juu ya matenga kama watu waliokata tiketi. Gari likaanza kupanda. Halikukohoa, halikuteleza. Lilipanda kama punda mwenye kazi yake, hatua moja moja, kelele nyingi na mwendo mdogo, mpaka likatokeza uwanjani na taa zake mbili mbele, na nyuma ya kioo mjomba amenyoosha shingo, kofia kichwani. Hakuwa na haja ya kuikalia.

Mzee Sadalla alisimama. "Sasa nauona uso," akasema. "Karibu, mwanangu."

Bi Mwatumu alitoka na furushi lake akalizunguka gari zima bila kuharakisha. Akaligusa boneti kwa kiganja, likamchoma, akakiondoa. "Linanguruma hivi kwa nini?"

"Ni difu ya pikapu ya mikate," mjomba akasema.

"Na mbio zako?"

"Ziko kwa Miraji, kwenye tambara."

Akamtazama kwa muda. Kisha akafungua mlango, akaketi, akajikunja kama wote tunavyojikunja, na akaweka furushi mapajani. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa kile kigari kina viti viwili.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe, mume wangu mdogo, una baba mkwe hapa," Bi Mwatumu akasema. "Msaidie machungwa."

Nilirudi Tanga juu ya lori, juu ya matenga ya machungwa, na nilikula nauli yangu njia nzima.

Jina la Risasi lilikwisha polepole pale Raskazone. Jioni wanapita wawili, turubai limekunjwa, gari linasikika tangu mbali kama kinu. Wazee wa barazani wanapata nafasi ya kusimama, mjomba anawaamkia, anaulizwa habari za nyumbani, anazijibu, anauliza za kwao, anajibiwa, na gari bado halijapita baraza. Mimi huwapita kwa baiskeli. Nawapa shikamoo nikiwa mbele, Bi Mwatumu ananitishia kwa mkono.

Ilipokuja Idi nilikwenda kwao siku moja kabla, nikamkuta mjomba uani amekunja suruali, analiosha gari kwa ndoo na gunia, maji matupu. Vumbi linatoka, mafuta hayatoki. Anasugua palepale.

Bi Mwatumu akatoka jikoni na mche wa sabuni na uzi. Akauzungusha uzi, akavuta, kipande kikadondoka kiganjani mwake, si kikubwa, si kidogo. Akakiweka juu ya boneti.

"Cha mke mwenzangu," akasema, akarudi jikoni na mche wake.

Mjomba alisimama na maji yanamchuruzika viwikoni. Nikamwuliza kama nimsaidie.

"Nyamaza, Ame," akasema, ila safari hii sikuwa nimetania, na yeye alikuwa anatazama mlango wa jikoni.